Mshika Mbili: Habari za Karani wa Posta Aliyeandika Vitabu

Wazee wetu walisema, "Mshika mbili moja humponyoka." Mithali hii twaipenda, tena twaitumia mara nyingi kumkanya kijana. Mwalimu aliyekuwa akitunga mashairi tangu ujana wake akipata cheo cha mwalimu mkuu, jamaa zake humwambia, "Sasa yaache mambo ya mashairi, ushike kazi." Karani ajuaye kuchonga, na mwuguzi ajuaye kutunga nyimbo za kwaya, nao huambiwa vivyo hivyo. Basi daftari lawekwa darini, patasi yashika kutu, na baada ya miaka mitano mwenyewe asema, "Zamani nilikuwa nikijua kutunga." Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, wala hayasemwi kwa furaha.

Hatusemi ya kuwa mithali ni ya uongo. Lakini yafaa kuuliza: je, ni kweli siku zote ya kuwa mtu hawezi kutafuta cheo katika kazi ya riziki yake, na papo hapo kuitunza kazi ya moyo wake? Wako watu wa zamani walioijaribu mithali hii kwa maisha yao wenyewe. Leo twataka kusimulia habari za mmoja wao, karani wa posta wa Uingereza, jina lake Anthony Trollope. Na mwisho tutarudi kwetu, katika pwani ya Tanga, tumtazame karani mwingine ambaye jina lake wasomaji wetu walijua vema.

Trollope alizaliwa London tarehe 24 Aprili 1815. Baba yake alikuwa mwanasheria, lakini kwa ukali wa tabia yake wateja walimwepuka. Akajaribu kulima, na ukulima nao ukamshinda. Mwaka 1834 alikimbilia Bruges, mji wa Ubelgiji, asije akakamatwa kwa ajili ya madeni. Tangu hapo nyumba ile ilisimama kwa kazi ya mama. Bibi Frances Trollope alikuwa amekwisha kupita miaka hamsini alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1832, kitabu cha desturi za watu wa Marekani. Huko Bruges mumewe alikuwa mgonjwa, na mwanawe mmoja alikuwa akifa kwa kifua kikuu. Mama yule aliwauguza mchana na usiku, na katikati ya kuuguza aliandika hadithi, maana vitabu vyake ndivyo vilivyoleta chakula. Alikuwa na desturi ya kuwa mezani pake saa kumi ya alfajiri, akimaliza kazi yake kabla watu wengine hawajaamka. Anthony aliyajua hayo yote, ila kujifunza kwake kulichelewa.

Mwaka ule ule wa 1834, akiwa na miaka 19, alipata kazi ya ukarani katika Posta Kuu ya London, kwa mshahara wa pauni 90 kwa mwaka. Mtihani wake wachekesha. Aliambiwa anakili mistari michache ya gazeti kwa kalamu ya unyoya, akaijaza madoa ya wino na makosa ya herufi. Akaulizwa kama ajua hesabu, akajibu ya kuwa ajua kidogo. Basi akaambiwa arudi kesho na mwandiko ulio bora, ndipo apimwe na hesabu. Usiku ule akanakili kwa uangalifu mwingi, akaenda na karatasi yake asubuhi. Lakini hakuna aliyeitazama, wala hakuna aliyeuliza habari za hesabu. Alionyeshwa kiti, akaketi, akawa karani wa Serikali.

Miaka saba iliyofuata ilikuwa mibaya. Alichelewa kazini, wakubwa wake walimchoka, na madeni yalimwandama. Deni moja la fundi wa nguo, pauni 12 tu, liliangukia mikononi mwa mkopeshaji. Trollope alipokea kwake pauni 4 taslimu, na mwisho alikuwa amelipa zaidi ya pauni 200. Mtu yule alimfuata hata ofisini, akasimama nyuma ya kiti chake akimhimiza kulipa. Siku zile zote kijana alikuwa akijitungia hadithi moyoni, akiwaza ya kuwa siku moja ataandika kitabu. Lakini kitabu hakikuandikwa. Tazameni basi. Kijana huyu hakushika mbili, naye hata moja haikukaa mkononi mwake. Wengi wetu tukiiacha kazi ya moyo twadhani ya kuwa kwa kuiacha tutafanikiwa zaidi katika kazi ya riziki. Maisha ya Trollope ya miaka ile hayakubali fikira hiyo.

Mwaka 1841 ikasikika nafasi ya kwenda Ireland, katika mji mdogo wa Banagher, kuwa karani wa mkaguzi wa posta. Makarani wengine hawakuitamani kazi ile. Trollope aliiomba, na wakubwa wake wa London wakafurahi kumwondoa. Mmoja wao alimtangulizia barua ya kumsema vibaya. Lakini bwana wake mpya alimwambia ya kuwa atampima kwa kazi yake, si kwa maneno ya watu. Na kabla mwaka haujaisha Trollope alikuwa mtumishi hodari. Alipanda farasi, akazunguka vijijini, akasikiliza malalamiko ya watu ambao barua zao zimepotea, akakagua vitabu vya fedha vya posta ndogo ndogo. Mwaka 1843 alianza kuandika kitabu chake cha kwanza, na mwaka 1844 akamwoa Bibi Rose Heseltine. Kazi mbili alizozishindwa London zilianza kusimama pamoja.

Lakini msomaji asidhani ya kuwa vitabu vilipokewa kwa shangwe. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1847, nacho hakikumpa hata peni moja. Cha pili kilitoka mwaka 1848: zilipigwa chapa nakala 375, zikauzwa 140 tu, na mwenye kupiga chapa akapata hasara. Kwa cha tatu, cha mwaka 1850, alipata pauni 20. Angekuwa mtu anayeandika ili apate kula, njaa ingalimnyamazisha. Hapa ndipo kazi ya posta ilipomfaa. Mshahara ulilipa kodi ya nyumba na chakula cha mke na watoto wawili, kalamu ikapewa nafasi ya kushindwa mara tatu bila kuua mtu kwa njaa. Twalalamika mara nyingi ya kuwa kazi ya riziki yala wakati wetu, nayo yaula kweli. Lakini ndiyo itupayo subira ya kufanya jambo vibaya hata tulijue.

Tena kazi ile ilimpa jambo jingine. Kuanzia mwaka 1851 aliletwa upande wa magharibi ya Uingereza kupanga njia za wapeleka barua wa mashambani, ili barua zimfikie hata mkulima aishiye mbali na barabara kuu. Kwa muda wa miaka miwili hivi alipanda farasi siku baada ya siku, pengine maili arobaini kwa siku moja, akibisha mlango kwa mlango. Katika safari zile alifika Salisbury, mji wenye kanisa kuu la zamani. Jioni moja, alipokuwa akitembea kandokando ya kanisa lile, akaipata hadithi ya mzee mpole msimamizi wa nyumba ya maskini, ambaye dhamiri yake yamsumbua kwa sababu ya mshahara mkubwa aupokeao. Kitabu kile, *The Warden*, kilitoka mwaka 1855. Asingalitumwa na posta, asingalifika pale. Mwisho wa mwaka ule kilikuwa kimemletea pauni 9, shilingi 8 na peni 8, naye akafanya mzaha ya kuwa kupasua mawe kungalimlipa zaidi. Lakini watu walianza kulijua jina lake.

Wala asidhani mtu ya kuwa kwa ajili ya vitabu alizembea katika posta. Alipotumwa kwenye visiwa vya Jersey na Guernsey, aliona ya kuwa watu hupata taabu kufika posta ili kutuma barua, akashauri yasimamishwe masanduku ya chuma kandokando ya njia, kama alivyoona yakitumiwa Ufaransa. Mwaka 1852 masanduku manne ya kwanza yalisimamishwa katika mji wa St Helier, na baadaye desturi hiyo ikaenea Uingereza na nchi nyingi. Msomaji aliyepata kutia barua katika sanduku la posta lililosimama njiani ameonja tunda la kazi ya karani huyu, ijapokuwa hajasoma hadithi yake hata moja.

Sasa twafika kwenye swali lenyewe: aliupata wapi wakati? Kwanza aliupata njiani. Alikuwa akisafiri sana kwa gari la moshi, akajifanyia kibao cha kuweka magotini, akaandika kwa penseli kati ya stesheni na stesheni. Mwanzo aliona haya mbele ya wasafiri wenziwe, kisha akazoea. Mkewe Rose ndiye aliyenakili baadaye yale maandiko ya penseli kwa wino. Mwaka 1858 posta ilimtuma Misri kufanya mapatano juu ya mizigo ya barua ipitayo kwa reli kutoka Alexandria mpaka Suez, maana mfereji ulikuwa haujachimbwa bado. Baharini aliandika vilevile. Na zaidi ya mara moja alilazimika kuziacha karatasi mezani akakimbia kutapika, kisha akarudi akaendelea.

Pili aliupata alfajiri, kama mama yake. Mwaka 1859 alihamia Waltham Cross, karibu na London. Huko alikuwa na mtumishi mzee mtunza farasi, naye alimwongezea pauni 5 kwa mwaka kwa kazi moja tu: kumwamsha kila siku ili awe mezani pake saa kumi na moja na nusu ya alfajiri, na kumletea kahawa, wala asikubali udhuru wowote. Nusu saa ya kwanza Trollope alisoma yale aliyoyaandika jana, ili sikio lake liikumbuke sauti ya hadithi. Kisha aliweka saa yake mezani, akajitaka maneno 250 kila robo saa. Baada ya saa tatu aliiweka kalamu, akavaa, akala, akaenda kwenye kazi ya posta. Alikuwa na daftari alimoandika hesabu ya kurasa za kila siku. Kwa kawaida zilikuwa kama kurasa 40 kwa juma, na juma lililopita bila kurasa lilimkabili kwa aibu kila alipolifunua. Hakuna ajabu hapa. Ni haba na haba. Lakini kwa haba na haba hiyo aliacha hadithi ndefu 47, na nyingi katika hizo twaweza kuzihesabu kuwa ni kazi ya asubuhi.

Hata hivyo historia haifai kusimuliwa upande mmoja. Trollope alikuwa na tamaa ya cheo, wala hakuificha. Mwaka 1864 nafasi ya Katibu Msaidizi wa Posta ilikuwa wazi. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini, akaiomba. Alipewa mwingine, mtu wa miaka michache kazini kuliko yeye, hodari wa hesabu. Jambo lile lilimchoma. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1867, akiwa na umri wa miaka 52, alijiuzulu. Kwa kuwa hakungoja miaka sitini, alipoteza haki ya pensheni. Lakini hakuondoka kwa hasira ya siku moja: alikuwa ameazimu zamani ya kuwa hataondoka mpaka fedha alizoweka akiba kutokana na vitabu ziweze kumletea pato sawa na pensheni ile. Basi twaweza kusema ya kuwa mithali ilimpata mwishoni, na moja ilimponyoka. Ilimponyoka baada ya kuishika miaka thelathini na mitatu, tena ilipoanguka hakuanguka nayo.

Jambo la pili la kusema kweli ni hili. Trollope hakuzishika kazi zile mbili peke yake. Alfajiri yake ilinunuliwa kwa usingizi wa mzee aliyeamka kabla yake, na kurasa zake za garini zilipitia mkononi mwa mkewe. Yule mzee alimsifu baadaye, akisema ya kuwa hajui mtu anayemdai zaidi kwa mafanikio yake. Kila mara tusikiapo habari za mtu aliyefanya mengi, yafaa tuulize ni nani aliyewasha moto akachemsha maji. Mwalimu anayetaka saa moja ya jioni kwa ajili ya daftari lake, saa ile yatoka kwa mtu: pengine kwa mkewe, ambaye naye ana ukili wa kusuka mikeka ya maua, na umelala pembeni tangu mtoto wa kwanza alipozaliwa. Haki ni kupokezana.

Trollope alikufa tarehe 6 Desemba 1882. Mwaka uliofuata mwanawe alitoa kitabu ambamo baba alikuwa amesimulia maisha yake mwenyewe, pamoja na hesabu ya saa, kurasa na fedha. Wasomaji wengi walichukizwa. Walidhani ya kuwa kazi ya moyo huja yenyewe kama mvua, na kusikia ya kuwa imepimwa kwa saa ya mezani kuliwafanya waione duni. Yeye alikuwa ameilinganisha na kazi ya fundi viatu, ambaye akimaliza jozi moja huanza nyingine. Kwa muda jina lake lilishuka. Lakini vitabu vyake vilipata wasomaji tena, na mpaka leo vyasomwa. Wala asomaye hawezi kutambua ukurasa upi uliandikwa garini na upi mezani.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 1 Januari 1909, huko Vibambani karibu na Tanga, alizaliwa Shaaban Robert. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, na mwaka ule wa 1926 akaingia ukarani katika idara ya forodha. Alifanya kazi Pangani na mahali pengine, akahamishiwa idara ya wanyama wa pori, na kuanzia mwaka 1946 akawa katika ofisi ya wilaya ya Tanga, kisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Ngazi ya Trollope ilikuwa ndefu, naye alinyimwa daraja moja. Ngazi ya karani Mwafrika wakati wa ukoloni ilikatwa chini chini, maana vyeo vya juu viliwekwa kwa Wazungu. Mtu angaliweza kusema, "Cheo sipati, na mashairi hayanilishi, yanifaa nini haya yote?" Shaaban Robert hakukata shauri hilo. Katika miaka ile ile ya ukarani alitunga mashairi, insha na hadithi. *Kusadikika* ilitoka mwaka 1951, na *Adili na Nduguze* mwaka 1952. Vita kuu ya 1939 hata 1945 aliitungia utenzi wa beti zipatazo 3,000, nao ulipigwa chapa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake tarehe 20 Juni 1962. Katika majalada ya forodha na ya wilaya mwandiko wake ulikuwa wa karani mmoja kati ya wengi. Katika lugha yetu alikuwa peke yake.

Basi tuitazame tena mithali yetu. Yule anayeponyokwa ni mtu ashikaye vitu viwili kwa mkono mmoja na kwa wakati mmoja: aandikaye shairi chini ya meza huku watoto wa darasa wakimngoja, au akaaye mbele ya daftari lake huku moyo ukihesabu ni nani atakayepandishwa cheo mwaka huu. Trollope hakushika hivyo. Alfajiri alishika moja, akaiweka chini. Mchana akashika ya pili, akaishika kweli. Kwa kuwa kila moja ilikuwa na saa yake, hakuna iliyomwonea wivu mwenziwe.

Wala tusiseme ya kuwa mambo haya ni ya wenye watumishi na kahawa ya alfajiri. Bibi Frances alianza akiwa mama wa miaka zaidi ya hamsini, mwenye madeni na wagonjwa nyumbani, mkono mmoja ukishika kijiko cha dawa na mwingine kalamu. Hakungoja nafasi, maana nafasi isingalikuja.

Kwa hiyo twamwomba ndugu yetu mwalimu, na karani, na mwuguzi, asingoje pensheni. Kazi ya riziki aitende kwa haki, na cheo akitamani. Hakuna dhambi katika kukitamani. Lakini achague saa moja ambayo si ya mwajiri wala si ya kulala, apatane na walio nyumbani mwake ni nani atakayeulipia wakati huo na yeye atawalipa nini, kisha alishushe daftari lile kutoka darini, alipanguse vumbi, asome mistari ya mwisho aliyoiandika. Pengine mchwa wamekula pembe zake. Katikati bado pana nafasi ya kuandika.